Nakala Mia na Ishirini

Vizma alichora kijana asiye na mdomo.
Alimpa koti jekundu, birika mgongoni,
akampa barabara,
basi.
Jina hakumpa. "Akifika atajitaja," alisema,
akalamba ncha ya brashi kama mtu anayeonja mchuzi.

Miaka minne kitabu kile kilihama naye:
chumba cha Mtaa wa Avotu, ambako bomba lililia usiku kucha,
chumba cha ng'ambo ya Daugava, kwa mjane mwenye paka kumi na mmoja,
kisha huku kwetu, orofa ya tano, chini ya paa,
kurasa zikiwa ndani ya boksi la viatu vya theluji,
juu yake kalamu nene: USIKUNJE.

Wachapishaji wawili walimjibu kwa upole.
Wa tatu alitaka kijana apate mbwa,
na mwishoni apate mama.
Vizma alicheka hadi akakohoa.
"Mbwa ningempa," akasema.

Kwa hiyo tukachapa wenyewe.
Mashine ya Ilgvars, katika kiwanda cha zamani cha soksi,
hupiga rangi moja, ikapumzika, ikapiga nyingine.
Tulimudu mbili, buluu na nyekundu;
ya tatu ilikuwa sawa na kodi ya Februari.
Nje, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Mimi sijui kuchora hata yai.
Kazi yangu kukunja, kupanga, kubana pini.

Sasa tazama anavyotembea.
Ukurasa wa tisa anabisha mlango; ndani kuna harusi,
wanamkaribisha, wanamshibisha, asubuhi wanampa mkate wa njiani,
na mkate wa njiani, ujue, ni kwaheri iliyookwa.
Wa ishirini na mbili analala kwenye kituo cha tramu
kisichopita tramu.
Wa thelathini na tano anapata nyumba tupu,
anachota theluji, anainjika birika,
mvuke unapanda, unajaza fremu,
unamwagika nje ya fremu,
na fremu inayofuata keshavaa koti, anaondoka.
Sababu haikuandikwa. Nilimuuliza Vizma.
"Hesabu vikombe," akasema.
Nikahesabu. Kimoja.

Ukurasa wa mwisho haukuwepo.
Aliuchora mara sita, jiko letu la kuni likaula mara sita.

Saa nane za usiku mashine iliteleza.
Nyekundu ikahama milimita nne kwenda kulia
wala hakuna aliyeona hadi rundo lote limekauka:
koti limemwacha mwenyewe.
Kila ukurasa, kijana wa buluu anatembea
na koti lake limetangulia kidogo,
kama mtu ajuaye njia
akimvuta mwenzake asiyeijua.

Ilgvars alitukana kwa Kirusi, akarudia kwa Kilatvia, akazima redio.
Karatasi zimekwisha. Fedha zilikwisha kabla ya karatasi.
Mimi nilishika pini zangu.
Vizma aliinua ukurasa mmoja kwenye taa, akautazama
muda wa chai kupoa.
Kisha akaomba kalamu mbili,
akaketi sakafuni kati ya mabunda
na kuchora mwisho kwa mkono, nakala baada ya nakala:
kijana amesimama. Nyuma yake hakuna nyumba.
Koti limerudi mabegani.
Vikombe viwili kwenye theluji,
na mdomo,
kistari kifupi tu, mara mia na ishirini,
hakuna viwili vilivyofanana.
Kulipokucha vidole vyake havikukunjuka;
nilimmenyea yai, nikamlisha.

Tuliuza arobaini na tatu sokoni, mezani kwa muuza asali.
Nyingine bado ziko chini ya kitanda changu.

Katika nakala yangu mdomo uko wazi.
Nimejaribu kusoma anachosema.
Siku nyingine ni jina.
Jana, niliporudi kazini viatu vimelowa,
nilidhani anauliza kama maji yamechemka.